Fuvu Miguuni mwa Mabalozi

Usiku ule nilijiambia nitasoma sura moja tu, kisha nilale. Ilikuwa riwaya ya upelelezi aliyonipa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa akisomea sanaa. Niliipokea shingo upande, maana michoro ya kale haikuwa imewahi kunivutia. Yapata saa saba nilikuwa bado macho. Mpelelezi alikuwa amesimama mbele ya mchoro mmoja jijini London, na mzee aliyefuatana naye akamwambia asogee kulia, aukaribie ubao kabisa, ndipo atazame. Sura ikaishia hapo.

Sikufungua sura iliyofuata. Niliinuka, nikachukua kitabu kikubwa cha dada chenye picha za wachoraji wa Ulaya, nikakipekua chini ya taa ya mezani. Kumbe mchoro ule upo kweli! Ni "Mabalozi" wa Hans Holbein, wa mwaka 1533, nao umetundikwa National Gallery, jumba la sanaa la London. Kushoto amesimama Jean de Dinteville, balozi wa Ufaransa nchini Uingereza. Kulia yupo rafiki yake, askofu Georges de Selve. Kati yao kuna matufe, vipimo vya jua na nyota, vitabu, na ala ya nyuzi iliyo jamaa ya udi. Na sakafuni, miguuni pao, kuna kitu kirefu cha kijivu kilicholala mshazari. Ungedhani ni doa lililomponyoka mchoraji.

Nikakiinua kitabu hadi usawa wa jicho, nikauchungulia ukurasa kutoka ukingo wa kulia. Doa likajikusanya polepole: tundu la jicho, pua, kisha meno. Fuvu la mtu! Mwili ulinisisimka. Nikakishusha, nikakiinua tena. Kila fuvu lilipokuja, wale mabwana wawili na mavazi yao ya fahari walibanwa wakawa vijistari tu.

Nikarudia kurasa nilizokwisha kuzisoma. Uzi uliokatika kwenye ile ala, ambao mpelelezi aliutilia shaka tangu mwanzo, niliukuta pale pale mchoroni. Mwaka 1533 nao ndio Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, alimwoa Anne Boleyn, na uhusiano wake na Papa wa Roma ukazidi kuvunjika. Mwandishi hakuvibuni vitu hivi. Alivikuta, akavigeuza ushahidi, akaniachia mimi nikavithibitishe kwa macho yangu. Hakuna riwaya iliyokuwa imeniamini kiasi hicho.

Nilishindwa kuvumilia, nikaenda kumwamsha.

"Dada, amka uone!"

Alikaa kitandani, akakitazama kitabu, akacheka kwa furaha. "Umefika kwenye fuvu?"

"Nimefika."

"Haya, sasa tazama juu kabisa, kona ya kushoto, pale pazia la kijani linapoishia."

Nikauinamia ukurasa hadi pua ikakaribia kuugusa. Nyuma ya pazia, nusu ikiwa imefichwa, palikuwa na sanamu ndogo ya Yesu msalabani.