Kumbukumbu ya mradi: klabu ya judo Kadutu, kutoka unga wa mbao hadi pambano la kwanza

Agosti

Mwezi huu kazi ni mkeka tu. Tatami ya kiwandani, ile ya mita 2 kwa 1 yenye unene wa sentimita 4, bei yake haishikiki, na kuifikisha hapa Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, ni gharama nyingine juu ya ile. Basi sakafu ya saruji ya mita 6 kwa 6 itatandikwa unga wa mbao wa maseremala. Lazima ifanyike sasa, kiangazi kikiwa bado kipo. Unga uliofungiwa na unyevu hushika ukungu, kisha hugandamana na kuwa mgumu kama udongo wa njia. Anika juani, geuza kwa reki mara mbili kwa siku, mpaka ukiufinya mkononi usishikane.

Hesabu iko hivi: unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 3.6. Unga uliolegea hupungua karibu theluthi ukikanyagwa, kwa hiyo kusanya mita 5 na kidogo, yaani kama gunia 50 kubwa. Kila gunia lipite kwenye chekeche la waya, halafu sumaku ya spika ya redio iliyokufa ipitishwe juu yake polepole. Inanyanyuka na misumari mifupi, meno ya msumeno, mara nyingine wembe mzima. Asiyeamini kwamba hatua hii ina maana aitazame hiyo sumaku baada ya gunia tatu.

Vilabu vingi humwaga unga hivi hivi na kuufunika. Unafaa wiki chache tu. Miguu inausukuma pembeni, katikati panabaki shimo, na katikati ndipo watu wanapoangushwa. Njia inayodumu ni kurudisha unga ndani ya magunia, theluthi mbili tu kila moja, kushona mdomo, kuyalaza yamebanana, safu ya pili ikikingama juu ya ya kwanza, na kujaza mianya kwa unga wa akiba. Juu yake tandika katoni zilizofunguliwa au mikeka mikuukuu, kisha turubai la lori la mita 8 kwa 8. Ile mita moja ya ziada kila upande inafungwa kwenye fremu ya mbao kwa kamba, kila baada ya sentimita 30. Kaza upya baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu turubai litalegea. Mkunjo mdogo wa turubai ndio unaovunja dole gumba la mguu: mguu unazunguka, dole linabaki.

Jaribio: bidoni ya lita 20 iliyojaa maji iangushwe kutoka usawa wa goti. Ikidunda, mkeka ni mgumu. Ikiacha shimo lisilojirudi, unga haujashindiliwa vya kutosha.

Septemba na Oktoba

Kuanguka, kuanguka, kuanguka. Wapya wanachoka nako na wazazi wanauliza watoto wataanza kupigana lini. Jibu halibadiliki: wakishajua kuanguka. Kwa maoni yetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambazo judo inampa mtu wa kawaida, kuliko medali na kuliko kujilinda. Katika mji wa miteremko na ngazi za udongo zinazoteleza mvua ikinyesha, anayeanguka vizuri anainuka na kuendelea na safari. Asiyejua hutanguliza kiganja, na nguvu yote ya mwili inapanda kwenye kifundo cha mkono hadi mtulinga.

Mpangilio: kulala chali na kupiga mkeka kwa mikono, kisha kutoka kukaa, kutoka kuchuchumaa, kutoka kusimama, kupinduka juu ya mwenzako aliyepiga magoti na mikono, mwisho kabisa kutupwa taratibu. Mizunguko 3 ya 20 kila mazoezi, hata kwa wenye mkanda wa rangi. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda. Mkono upige ukiwa nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni, kiganja na kigasha kwa pamoja, pumzi ikitoka. Mkono ukipanda usawa wa bega, bega ndilo litalipa.

O-soto-gari, mtupo wa kufyeka mguu wa mpinzani kwa nyuma, haifundishwi bado. Japani kwenyewe, ajali mbaya za kichwa kwa wanaoanza zimetokea mara nyingi kwa mtupo huo, kwa kuwa unampeleka mtu nyuma moja kwa moja na kisogo kinafika kabla hajajifunza kukizuia. Anzeni na o-goshi (kutupa kwa nyonga) na de-ashi-barai (kufagia mguu unaosogea mbele). Mtu akipiga kichwa na kuona kizunguzungu, siku yake imekwisha, hata akiapa kwamba yuko sawa.

Novemba

Daftari limefunguliwa. Kila mmoja anaandika mambo manne: mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani (hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2), uzito, saa za usingizi, na sekunde anazoweza kuning'inia kwenye kimono (vazi la judo) kuukuu kilichopitishwa juu ya boriti. Ndiyo njia ya bei nafuu ya kuona faida badala ya kuihubiri. Baada ya miezi michache ya mazoezi mara tatu kwa wiki, mapigo ya asubuhi ya anayeanza kwa kawaida hushuka kwa 5 hadi 10, na usingizi huwa wa kwanza kutengemaa. Asubuhi moja mapigo yakiruka 10 juu ya kawaida yako, usije mazoezini. Huenda ni uchovu uliorundikana au malaria inaanza, na vyote viwili havitibiwi kwa randori, yaani pambano la mazoezi.

Kuning'inia kumewashangaza wengi. Mwenye mikono ya kubeba mizigo sokoni anafika sekunde 40, lakini kwenye pambano mikono inakufa dakika ya tatu. Sababu si udhaifu. Anashika kwa nguvu zote muda wote, misuli iliyokazwa inabana mishipa yake yenyewe, damu haipiti kwenye kigasha. Shika kwa vidole vitatu vya mwisho, legeza, kaza pale tu unaposhambulia. Zoezi: uchi-komi (kuingia kwenye mtupo bila kutupa) 10 za mshiko mlegevu, ya 10 ukamilishe kwa kutupa, mizunguko 6.

Randori ni dakika 4, muda wa pambano rasmi, kisha pumziko la dakika 4. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 16 kuliko pwani. Mgeni wa Kinshasa huhema mapema hapa. Sisi tukishuka huko, joto ndilo linalotumaliza, kwa hiyo maji yaanze kunywewa tangu siku iliyotangulia.

Chakula hakihitaji unga wa protini wa makopo. Bugali, maharagi na sambaza (dagaa wa ziwani) saa tatu kabla ya mazoezi vinatosha, ndizi moja ikiwa njaa inauma karibu na muda.

Desemba

Choa kwenye shingo za watoto wawili. Turubai linapanguswa kila baada ya mazoezi kwa javeli (dawa ya klorini) ya asilimia 5, mililita 20 kwa lita moja ya maji, liachwe dakika 10 kabla ya kukaushwa. Kimono kifuliwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini, maana maji ya moto hukipunguza na mikono inakuwa mifupi kuliko kanuni zinavyoruhusu. Wakati wa mvua kimono kizito kinachukua hata siku mbili kukauka. Mwenye kimoja tu asikivae kibichi. Afadhali afanye mazoezi ya kukimbia siku hiyo. Wenye choa wanapaka dawa na kukaa pembeni mpaka kikauke.

Januari

Kanuni na uzito. Ippon, alama kamili, inamaliza pambano, na waza-ari, alama ndogo yake, mbili ni sawa na ippon. Kubana chini kwa sekunde 20 ni ippon, 10 ni waza-ari, na tangu kanuni za 2025 sekunde 5 zinatoa yuko, alama ndogo zaidi, ambayo ilikuwa imeondolewa. Shido (adhabu) tatu zinakutoa nje. Kushika miguu kwa mkono ni marufuku, na hili linawasumbua waliotoka kwenye mieleka ya mtaani.

Kupunguza uzito: si zaidi ya asilimia 2 ya mwili kwa mtu mzima, yaani kilo 1.4 kwa mwenye kilo 70. Kwa mtoto, sifuri. Kijana anayekimbia amejifunga mifuko ya plastiki ili aingie chini ya kilo 60 anafika mkekani bila maji mwilini, na faida yote ya miezi mitano anaiacha njiani. Apigane kwenye kilo 66 na ashindwe akiwa mzima.

Watoto wanapenda kumtaja Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili wazaliwa wa Bukavu, waliopigana Olimpiki ya Rio 2016 kwenye timu ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa 2015. Tunawasisitizia hiyo sehemu ya pili pia.

Februari

Siku ya mashindano inaonyesha kile ambacho mazoezi yanaficha. Mkekani kwenu unajua mshiko wa kila mwenzako, na hofu imeshaisha. Mbele ya mgeni, na shangazi zako wakipiga kelele, mbinu tano unazozijua zinabaki moja. Ndiyo maana mashindano yana faida hata kwa asiyeota medali: mtu anajua jambo gani linabaki kwake akiogopa.

Makosa ya wapya yanafanana. Wanakaa wamepoa kwenye benchi, kisha wanaanza kwa kasi na mikono inakufa dakika ya pili. Dawa yake ni randori moja kali ya dakika 2, nusu saa kabla ya kuitwa, ili kuhema kwa kwanza kuishie pembeni. Wanashambulia nusunusu ili waonekane wanafanya kazi, na mwamuzi anawapa shido. Wanarudi nyuma mpaka nje ya eneo. Kuhusu pumzi kabla ya kuinama kusalimia: vuta kwa sekunde 4, toa kwa 6, mara tano.

Jambo moja halijathibitika kwenye daftari letu: kwamba judo peke yake inatuliza hasira. Kwa wengine inatuliza, kwa wengine inaipa hasira mbinu bora. Kinachoonekana kufanya kazi ni kumpanga mkali na mwenye mkanda wa juu anayemwangusha kwa upole kila anapopandisha hasira.

Yaliyobaki: magunia manne ya katikati yameshuka kama sentimita 3 na yatafunguliwa na kujazwa upya mwezi wa Juni, mvua ikikatika. Wapya wanaanza ne-waza, mbinu za chini mkekani. O-soto-gari itaanza kufundishwa kwa waliokamilisha ngazi zote za kuanguka, huku anayetupwa akishikiliwa mkono wake wa kimono hadi chini.