Kipi kwanza? Siku yangu moja ya kudurusu kabla ya mtihani wa leseni ya udaktari

Saa 11 alfajiri. Zimebaki siku 19. Nimeamka kabla ya kengele, na swali nililolala nalo liko palepale: mtu mzima wa kilo 70 ameungua asilimia 40 ya mwili, na amefikishwa hospitali saa tatu baada ya ajali. Aongezewe maji kwa kasi gani?

Kwa kanuni ya Parkland, ya kukadiria maji ya aliyeungua, ni mililita 4 mara kilo mara asilimia, yaani mililita 11,200 kwa saa 24, na nusu yake iingie ndani ya saa 8 za mwanzo. Jana niligawa 5,600 kwa 8 nikaandika 700 kwa saa. Nikakosa. Hizo saa 8 zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika, na tatu zimeshapita. Zimebaki tano, kwa hiyo ni mililita 1,120 kwa saa, halafu mkojo wake ndio utakaoniambia niongeze au nipunguze. Kanuni ninayo kichwani tangu mwaka wa tatu wa chuo. Kilichoniponyoka ni saa.

Saa 12 asubuhi ni zamu ya kadi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Kwa hiyo kadi niliyoikosa leo nairudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Wala sigeuzi kadi kabla sijatamka jibu kwa sauti. Mtoto mchanga akiwa na manjano ndani ya saa 24 za kwanza, hiyo si ya kawaida, tafuta sababu. Homa, manjano na maumivu ya juu kulia mwa tumbo: utatu wa Charcot, mirija ya nyongo imeambukizwa. Kadi 60, saa moja na kidogo.

Saa 2 asubuhi naweka simu chumba kingine na kuanza maswali 40 kwa saa moja. Sekunde 90 kwa kila swali, pamoja na kusoma maelezo ya mgonjwa yanayojaa nusu ukurasa. Nimepata 27.

Kuanzia saa 3 hadi saa 6 napitia yale 13 niliyokosa, na hapa ndipo siku yangu yote ilipo. Wenzangu wengi hufanya maswali mengi na kuyapitia mbiombio; mimi naona heshima ya swali iko kwenye kulichambua. Katika 13, manne sikuyajua kabisa. Tisa niliyajua, ila nilitanguliza cha pili nikaacha cha kwanza.

Mfano ni mwanamume mwenye maumivu ya kifua. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha ST imepanda kwenye II, III na aVF, yaani sehemu ya chini ya moyo imekosa damu. Shinikizo la damu ni 85/50, mishipa ya shingo imevimba, mapafu ni safi. Nikachagua nitrogliserini, dawa ya kundi la nitrati, chini ya ulimi, kwa sababu mkono umezoea: maumivu ya kifua, nitrati. Lakini mapafu safi pamoja na shingo iliyovimba vinaniambia ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni, nayo imeumia. Moyo wa namna hiyo unaishi kwa damu inayorudishwa na vena, mishipa inayoleta damu moyoni. Nitrati inazipanua vena, damu inayorudi inapungua, na shinikizo linaanguka kabisa. Kwanza thibitisha kwa V4R, kipimo cha umeme wa moyo upande wa kulia wa kifua, mpe maji kwa uangalifu, huku maandalizi ya kuzibua mshipa yakiendelea. Nimeandika kwenye daftari la makosa: "Kabla ya nitrati, soma shinikizo la damu na shingo."

La pili lilikuwa la kisukari: msichana ana ketoasidosisi, yaani asidi imejaa kwenye damu kwa kukosa insulini, na potasiamu iko chini, milimoli 2.9 kwa lita. Nikaanza insulini. Insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na kwa yule ambaye tayari inapungua, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi kusimama. Potasiamu kwanza, insulini baadaye. Nilichokaa nacho muda mrefu zaidi ni kiwango chenyewe cha mwisho: nilisoma chuoni kwamba usianze insulini potasiamu ikiwa chini ya 3.3, na makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2024 yamekipandisha hadi 3.5. Hata kiwango cha sukari cha kuutambua ugonjwa kimeshuka, kutoka miligramu 250 hadi 200 kwa desilita. Nimefuta kadi mbili za zamani na kuandika mpya. Inauma kidogo kufuta ulichokihangaikia, lakini mgonjwa hatibiwi kwa kumbukumbu zangu za chuo.

La tatu sitalieleza kwa urefu. Hewa imejaa kifuani kwa shinikizo, koo limesukumwa upande mmoja, shinikizo la damu linashuka, nami nikaagiza eksirei. Anayekufa hapigwi picha kwanza. Anatobolewa kifua hewa itoke.

Saa 7 mchana nakula, nalala dakika 20.

Saa 8 mchana, uzazi. Mada hii siiogopi kwa ajili ya mtihani, naiheshimu kwa ajili ya usiku mmoja nikiwa daktari wa mazoezi. Mama mwenye shinikizo la 170/115 na dalili za kuelekea kifafa cha mimba alikuwa kwenye magnesiamu salfeti. Saa ya dozi iliyofuata ikafika, nikashika sindano. Sista aliyekuwa zamu akagonga goti la mama yule kwa nyundo ndogo, akagonga tena.

"Dokta, goti halijibu. Usimpe."

Tukahesabu pumzi, tukatazama mfuko wa mkojo. Mkojo ulikuwa haba tangu jioni. Magnesiamu hutoka kwa figo. Figo zikilegea inarundikana mwilini, na mwili hutoa onyo kwa mpangilio: kwanza goti linanyamaza, kisha pumzi zinapungua, mwisho moyo. Dozi tukaisimamisha, kalisiamu glukoneti gramu 1 ikawekwa tayari kando ya kitanda, na kulipokucha goti lilikuwa limerudi. Namba nilizijua hata usiku ule: goti lijibu, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Nilizijua kama orodha ya kujibia swali. Sista alizijua kama kitu kinachofanywa kabla ya sindano.

Na dawa yenyewe ni ya thamani kubwa, isije ikaogopwa. Utafiti wa Magpie uliochapishwa 2002, ukiwa na wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hatari ya kifafa ilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa magnesiamu. Nimemaliza sura hii saa 10 na nusu, nimechelewa, sijutii.

Saa 11 jioni napigiana simu na mwenzangu tuliyesajiliwa naye. Tunaulizana kwa mdomo, bila machaguo manne ya kukuonyesha njia. Leo namuuliza: homa, shingo ngumu, amepata degedege, fahamu zinapotea.

"Sitiskani ya kichwa, halafu nitoe maji ya uti wa mgongo," anasema.

"Na antibayotiki?"

Kimya. "Zinatangulia. Damu ya kuotesha vijidudu maabara, deksamethasoni ya kutuliza uvimbe, antibayotiki, ndipo sitiskani."

"Kwa nini?"

"Picha inaweza kusubiri, bakteria wa homa ya uti wa mgongo hawasubiri."

Naye akaninasa kwenye sodiamu, chumvi ya damu: mgonjwa yuko chini mno, 108, kwa muda mrefu, mnywaji wa pombe, na mimi nikataka kumpandisha haraka. Katika hatari kama hiyo usiipandishe zaidi ya milimoli 8 kwa lita ndani ya saa 24, ubongo uliozoea upungufu huumia ukirekebishwa kwa pupa.

Saa 2 usiku nafungua daftari la makosa. Kila kosa linapata sentensi moja, na kila sentensi inaanza na neno "kabla". Kabla ya nitrati, shingo. Kabla ya insulini, potasiamu. Kabla ya magnesiamu, goti. Kabla ya kugawa maji ya aliyeungua, saa ya ajali. Sita za juma lililopita nimeweza kuzikata kwa kuwa sijazirudia.

Saa 4 usiku taa imezimwa. Nimejipa swali la kulala nalo: mtoto wa wiki nne, anatapika kwa nguvu kila akinyonya, matapishi hayana nyongo, kloridi na potasiamu ziko chini, damu imekuwa alikali, yaani imepungukiwa asidi. Mlango wa tumbo umekaza, na tiba ni upasuaji. Lakini hapasuliwi usiku huu. Maji na chumvi zake kwanza.