Sakafu ya gereji iliyoliwa na maji, baridi ikamalizia

Kwa miaka mitatu, kila theluji ilipokwisha, nilifagia gereji na kujaza karai unga wa kijivu uliochanganyika na vipande vya zege vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nilidhani ni uchafu ulioletwa na matairi. Siku nilipopiga magoti na kuokota ganda moja, nikaona upande wake wa chini una vishimo vya kokoto lilizokuwa limeshikana nazo, ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nikikitupa jalalani ni sakafu yenyewe.

Uharibifu haukuenea kote. Ulikuwa chini ya matairi manne, pale theluji iliyoganda kwenye matao ya magurudumu inapoyeyuka na kudondoka usiku kucha, na kando ya mlango. Mtu anaweza kudhani kwamba zege lililo chini ya paa limesalimika na baridi kuliko lile la nje. Kwa gereji isiyopashwa joto mambo ni kinyume: gari linaingia na injini ya moto na mzigo wa theluji yenye chumvi ya barabarani, theluji inayeyuka, maji yanapenya kwenye vitundu vya zege, na alfajiri yanaganda. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kama kitundu kimejaa pomoni, hakuna pa kutanukia isipokuwa kupasua. Chumvi inazidisha balaa kwa namna ambayo wengi hatuifikirii. Inazuia uso wa zege usikauke na inavutia maji zaidi, kwa hiyo vitundu hubaki vimejaa kwa muda mrefu. Na kwa kuwa inashusha kiwango cha kuganda, kuganda na kuyeyuka hupishana mara nyingi zaidi kuliko ambavyo kungepishana kwa maji matupu.

Dawa ya hali hiyo imejulikana kwa miongo mingi: zege hutiwa kemikali inayozalisha viputo vidogo mno vya hewa, hadi hewa ifikie kama asilimia 6 ya ujazo wake, ili maji yanapotanuka yapate mahali pa kukimbilia. Tatizo la gereji ni kwamba iko njiapanda. Mafundi wa sakafu za ndani hupenda kuziparaza kwa mwiko wa chuma mpaka zing'ae kama kioo, na zege lenye viputo halipendi mwiko huo, kwa sababu uso hufungwa mapema, hewa na maji vikanaswa chini yake, na baadaye ngozi ya juu ikabanduka. Kwa hiyo sakafu nyingi za gereji humwagwa bila viputo, zikahesabiwa kuwa ni za ndani, kisha zikatumika kama za nje. Yangu bila shaka ilikuwa mojawapo, maana ilikuwa laini ajabu mahali ambapo ilikuwa bado nzima.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, tena mara mbili, na kujenga nikajenga vilevile. Mara ya kwanza nilikoroga saruji na mchanga, nikasambaza juu ya mashimo na kulainisha kingo mpaka zikaisha kwa wembamba wa karatasi. Zilipendeza hadi baridi ya kwanza. Kiraka chenye ukingo mwembamba hakina nguvu ya kushika, na changu kilivunjika kama biskuti. Mara ya pili nilifuata utaratibu: nikakata kingo ziwe wima kwa kina cha sentimita 2, nikachokoa zege bovu lote hadi nikafikia gumu, nikapuliza vumbi, nikalowesha bila kuacha dimbwi, kisha nikajaza mchanganyiko maalumu wa viraka uliotiwa polima, kemikali ya kushikanisha. Kiraka hicho kilidumu kabisa. Tatizo ni kwamba ufa mpya ulitokea shibiri moja pembeni yake, na mwaka uliofuata upande mmoja wa ufa ulikuwa juu kuliko mwingine.

Hapo nilimwita fundi mzee ambaye amefanya kazi ya zege maisha yake yote. Hakutazama kiraka hata kidogo. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga sakafu hatua kwa hatua, akichora kwa chaki kila mahali paliposikika mlio wa debe tupu, na alipomaliza, karibu theluthi ya sakafu ilikuwa imezungushiwa chaki. Kisha akaweka pima maji mlangoni. “Bwana, hii inapumua,” akasema. “Kiangazi inashuka, baridi inapanda. Wewe umekuwa ukishona shati juu ya mtu anayekohoa.” Nikakumbuka kwamba kila katikati ya majira ya baridi mlango wa gereji ulikuwa unagota upande wa kushoto na haugusi chini upande wa kulia, na kila masika ulikuwa unagusa tena, nami kila mwaka nililaumu bawaba.

Ardhi huinuka kwa jalidi pale mambo matatu yanapokutana: udongo laini wenye chembe ndogo unaonyonya maji kama utambi, maji yenyewe, na baridi inayozama ardhini. Kinachoinua si kutanuka kwa maji yaliyokuwamo tu. Barafu inapoanza kujengeka ardhini huvuta maji mengine kutoka chini, ikawa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo zina nguvu ya kubeba jamvi zima la zege, yaani sakafu yote. Ukiondoa jambo moja kati ya hayo matatu, ardhi hutulia. Baridi siwezi kuiondoa. Lakini tulipotoka nje tulikuta bomba la mfereji wa paa linamwaga maji yake yote mita moja kutoka kwenye pembe ile ya kushoto. Nilikuwa nimepita hapo kila siku kwa miaka, na nakiri kwamba ndilo jambo lililoniuma kuliko yote.

Kama sakafu yako inabanduka juu tu, ikilia mlio mzito unapoigonga, na nyufa zake haziachani kimo, kiraka cha kweli au tabaka jipya la juu lililoshikamana vizuri linatosha, na kuivunja ni kupoteza nguvu. Ikiwa inapanda na kushuka, hakuna rangi, epoksi (mpako mgumu kama gundi) wala kiraka kitakachoituliza. Yangu ilivunjwa.

Kuvunja ni kazi ya kishamba isiyo na maelezo mengi, ila hesabu yake ni vyema ijulikane kabla ya kuagiza gari la kifusi. Sakafu ya mita 6 kwa 6 yenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 3.6, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, hiyo ni zaidi ya tani 8.6, kabla ya udongo utakaochimbwa chini yake. Ya kwangu haikuwa na unene mmoja. Mlangoni ilikuwa sentimita 11, katikati 6. Wavu wa chuma ulikuwamo, lakini wote ulikuwa umelala chini kabisa, umezama kwenye tope na kuota kutu, kwa sababu aliyemwaga aliutandaza ardhini na hakuuinua kwa vigingi. Wavu ulio nje ya zege haushiki kitu.

Tulichimba sentimita 30 za ule udongo laini na kuujazia mahali pake kokoto safi zisizo na vumbi, tukishindilia kila tabaka la sentimita 10 hadi 15 kwa mashine. Kokoto hazinyonyi maji kwenda juu, na huo ndio umuhimu wake mkubwa kuliko hata ugumu wake. Juu yake tukaweka mbao ngumu za foamu za kuzuia baridi, kisha nailoni nzito ya milimita 0.25, na kuzunguka kuta zote ukanda wa foamu ili jamvi lisishikane na msingi wala lisining'inie humo. Bomba la paa tulilisogeza mita tatu mbali, kwenye mteremko, kabla ya yote hayo.

Agizo la zege niliandika mwenyewe kwenye karatasi na kulisoma kwa simu ili pasiwe na kisingizio: nguvu ya megapaskali 30 (kipimo cha mgandamizo ambao zege linaweza kuustahimili), hewa asilimia 6, na maji yasiyozidi kilo 45 kwa kila kilo 100 za saruji. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku. Lori lilipofika dereva alitazama zege likishuka kizitokizito, akashika mpira wa maji na kuuliza kama aongeze kidogo liteleze. Fundi hakuinua hata kichwa. “Ukiongeza, rudi nalo.” Kila lita inayoongezwa ili kupunguza jasho la kusambaza hugeuka, zege likikauka, kuwa vitundu vile vile ambavyo barafu itakuja kukaa.

Jamvi jipya lina sentimita 12 na nusu, lina mteremko wa sentimita 6 kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni, yaani sentimita moja kwa kila mita, na wavu wake umekaa juu ya vigingi. Baada ya kulisawazisha tulisubiri. Zege bichi hutoa maji juu, na anayeanza kuliparaza kabla maji hayo hayajakauka huyarudisha ndani na kujitengenezea ngozi dhaifu. Anayenyunyiza saruji kavu ili kuyakausha hufanya vibaya zaidi. Mwiko ulipita kidogo tu, kisha ufagio laini, kwa hiyo sakafu yangu haing'ai. Kesho yake asubuhi ilikatwa msalaba katikati, kina cha sentimita 3 na ushei, ili zege likisinyaa lipasukie ndani ya mstari huo na si popote litakapo.

Tulikuwa tumechelewa kidogo na majira ya kupukutika majani yalikuwa yamefika. Kanuni ya kawaida ni kwamba hewa ikitarajiwa kushuka chini ya nyuzi 4 za selsiasi, zege huhitaji ulinzi, na halimwagwi kamwe juu ya ardhi iliyoganda. Usiku wa pili ilishuka hadi sifuri. Nilikuwa nimekwisha kuvuta ndani jiko la gesi la kupashia joto, nikijisifu kwa kuona mbali, fundi aliponizuia kwa simu. Moto usio na bomba la kutolea moshi hujaza chumba kabonidayoksaidi, gesi hiyo hukutana na zege bichi, na uso wake hugeuka kuwa unga usiokwisha, mbali na hatari ya sumu kwa anayeingia humo. Tulifunika kwa mablanketi mazito ya zege kwa siku saba. Zege likishafikia megapaskali 3.5 linaweza kustahimili kuganda mara moja, lakini mimi sikutaka kulijaribu. Gari lililala nje siku 28.

Watu wameniuliza kwa nini sikupaka epoksi. Nimepaka dawa ya sileni inayozama ndani, ambayo inazuia maji na chumvi kuingia lakini inaruhusu unyevu kutoka, na kila jioni yenye theluji nasukuma maji nje kwa kisukumio cha mpira. Mlango umegusa chini baridi nzima, pande zote mbili. Ufa mmoja upo, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye pembe ya nguzo ya mlango ambapo ukanda wa foamu uliteleza wakati wa kumwaga. Nimeweka alama ya penseli na tarehe mahali ulipoishia, na hadi leo bado haujaipita.