Siku Moja Maishani Mwangu: Diski ya Kanzidata Ikielekea Kujaa

Mimi ni msimamizi wa kanzidata, yaani hifadhi ya data za mfumo, kwenye kampuni ya kusambaza dawa, Dar es Salaam. Kila oda ya duka la mkoani na kila boksi linalotoka ghalani hupita kwenye seva ninayoiangalia. Wengi wanadhani kazi yangu ni kukaa kwenye kiyoyozi nikibonyeza vitufe. Nawasimulia siku moja tu, ya mwisho wa mwezi.

Saa 11:40 alfajiri. Tahadhari inaingia kwenye simu: diski imefika asilimia 91. Jana jioni niliiacha kwenye 78. Naoga, nakunywa chai wima, nawahi mwendokasi Kimara.

Saa 1:30 asubuhi. Niko mezani. Amri ya df, inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, inasema 93. Kwa du, inayopima ukubwa wa folda, napita moja moja: majedwali hayajakua, uzito wote uko kwenye folda ya pg_wal. Humo PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, huandika kila badiliko kabla ya kuligusa faili la jedwali lenyewe, ili umeme ukikatika ijue pa kuanzia. Kila faili lina megabaiti 16, na likimaliza kazi huondolewa au hutumika upya bila mtu kuligusa. Leo yamerundikana maelfu. Kuna kinachoyashikilia.

Naangalia pg_replication_slots, orodha ya sloti za seva zinazosoma kutoka kwetu: sloti ya seva ya ripoti, active: f, yaani hakuna anayeitumia. Seva ile husoma mabadiliko kutoka kwetu, na sloti ni ahadi kwamba hakuna faili litakaloondoka kabla halijasomwa. Mtu kaizima. Yetu inaendelea kutunza ahadi mpaka diski ijae, na pg_wal ikikosa nafasi, PostgreSQL hujizima.

Saa 3:15. Chanzo ninacho, ruhusa sina. Nikiiondoa sloti, seva ya ripoti itabidi ijengwe upya, kwa hiyo mkuu wa idara anataka fundi wa nje anayeihudumia athibitishe kwanza. Fundi hapokei. Napiga, natuma ujumbe, napiga. 94. Meneja wa mauzo anaingia.

"Dada, mfumo unasuasua, wateja wamejaa dirishani."

"Naufanyia kazi, kaka."

"Si ufute tu hayo mafaili ya zamani? Mwanangu simu ikijaa anafuta picha, dakika mbili."

Namweleza kwamba ya pg_wal hayafutwi kwa mkono. Ukiyafuta seva inaweza isiwake tena, na oda za leo zikapotea. Hadi toleo la 9.6 folda hii iliitwa pg_xlog, na watu waliifuta wakidhani ni logi za kawaida, kumbukumbu tu za matukio. Toleo la 10, mwaka 2017, likaibadilisha jina. Hanisikilizi. Anarudi tena, safari hii na mhasibu. Kijana wa zamu naye anapendekeza VACUUM FULL, amri ya kubana majedwali. Nakataa: ile huandika jedwali zima upya pembeni kabla ya kuliachia la zamani, na nafasi hiyo hatuna.

95. Nasimamisha uingizaji wa data za mwezi, nahamisha chelezo (nakala za akiba) za zamani zilizokuwa kwenye diski hiyohiyo, baada ya kuhakiki kwamba zimenakiliwa sawasawa. Namba inashuka kidogo, halafu inaanza kupanda tena. Wali umepoa mezani, mgongo unauma, macho yanawasha. 96. Fundi kimya. 97.

Alasiri, saa sikuiangalia, mkuu anasoma maelezo yangu mstari kwa mstari, anasema, "Ondoa, nitasaini." Naandika pg_drop_replication_slot kuiondoa sloti, kisha CHECKPOINT, ili PostgreSQL iachie mafaili yasiyohitajika tena. Narudia df: 97. Tena: 80. Tena: 46.

Foleni dirishani inatembea. Kuna hospitali ya wilaya iliyokuwa ikingoja dripu tangu asubuhi. Naiona oda yake ikipita, na nafurahi kweli.

Kabla ya kutoka naweka max_slot_wal_keep_size, mpangilio wa kikomo cha mafaili ambayo sloti inaweza kushikilia, uliopo tangu toleo la 13. Usipouweka, sloti haina kikomo. Sasa ikivuka gigabaiti 60 itaachwa, diski ipone.

Usiku fundi anajibu: simu ilikuwa chaji, seva waliizima kuihamishia rafu nyingine. Nimemwambia aiwashe kesho saa 2 kamili niijenge upya kwa pg_basebackup, zana ya kunakili kanzidata nzima, na kuanzia leo asiizime kabla hajanipigia nikapokea.