Violezo vya pointi vilivyogoma kuungana

Najenga kwa mkono modeli ya reli yetu ya zamani ya mita moja, kipimo cha 1:87, ambapo pengo kati ya reli ni milimita 12. Kiolezo cha pointi, yaani mchoro wa kujengea pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili, nilikichapisha saiba moja ya Mwembe Tayari, na kurasa hazikukutana: mataruma ya ukurasa wa pili yalikuwa yamesogea.

Nikachora mstari wa milimita 100 kwa urefu na mwingine kwa upana, nikapima kwa rula ya chuma. Yote 97. Kompyuta ilikuwa ikibana ukurasa utoshee karatasi. Tukaweka asilimia 100. Urefu ukanyooka, upana ukabaki 99.5. Wengi wangeacha hapo. Lakini kiolezo kikipungua sawa pande zote, pembe haiguswi. Kikipungua upande mmoja, makutano ya 1 kwa 6, ambapo reli huachana kipimo kimoja kila vipimo sita, si 1 kwa 6 tena. Nikaongeza upana asilimia 0.5 kwenye programu.

Karatasi ikinywa unyevu hutanuka, na pwani hii unyevu haukosi, kwa hiyo huziacha zilale wazi kabla ya kupima. Gundi ni ya kijiti, si ya maji. Pengo la reli lenyewe hulipanga kwa geji ya chuma. Karatasi siiamini kwa hilo.