Ukifunga filta ya kopo kwenye injini ya zamani, ulizia kwanza vali ya baipasi

Mwenye pikipiki ya Honda ya silinda nne ya miaka ya 70, kama CB750, anaijua vizuri kazi ya kubadilisha filta ya oili. Mbele ya injini, katikati ya mabomba ya ekzosi, kuna kikombe cha aluminiamu chenye mapezi, ndani yake kuna filta ya karatasi, na kila kitu kimeshikiliwa na boliti moja ndefu inayopita katikati. Sasa shida ni hiyo boliti. Kwa CB750 nyingi za mwanzo kichwa chake ni cha spana namba 12 (milimita 12), kidogo mno kwa kazi kinayoifanya, halafu kiko mbele kabisa kinapokea matope na maji na mawe ya tairi, na kila aliyewahi kuwa na hiyo pikipiki alikikaza kwa nguvu zake zote ili oili isivuje. Ukipeleka spana ya mdomo wazi au soketi ya pembe 12 kona zinaisha palepale na kichwa kinakuwa duara, baada ya hapo ni patasi na nyundo au kuchomelea nati juu yake ndipo itoke.

Ndio maana watu wanafunga adapta. CB750 yangu sasa ina kopo, yaani filta ileile ya bati inayofungwa kwa kuzungusha kama za magari. Adapta yenyewe ni kipande cha aluminiamu kilichochongwa kikalie uso uleule uliokuwa wa kikombe, kina mfereji wa oringi (pete ya mpira ya kuziba oili) upande wa injini, na katikati kuna kiungio chenye tundu ambacho upande mmoja kinaingia kwenye uzi wa ile boliti ya zamani na upande wa pili kinapokea filta. Hakuna kutoboa injini wala kukata kitu, siku ukitaka kurudisha ya kiwandani unairudisha.

Watu wanaosema filta ya kopo inachuja vizuri zaidi siwaelewi. Karatasi ni karatasi, oili inaingia kwa nje inapenya kwenda katikati kwenye zote mbili. Faida kubwa ni kwamba kile kikombe kina vitu vingi vya kukosea ndani. Kuna springi chini, juu ya springi kuna washa, yaani kile kibati cha duara chenye tundu katikati, juu ya washa ndio filta. Hiyo washa oili inainatisha kwenye tako la filta ya zamani, unaivuta filta nje ikiwa imelowa nyeusi tii, washa imeganda pale chini wala huioni, unaitupa pamoja na filta. Ukifunga mpya bila washa springi inakwenda kuchimba ule mpira wa filta yenyewe, oili inapata njia ya pembeni na inapita bila kuchujwa, na kwa nje hutaona dalili yoyote. Bado kuna oringi ya kikombe ambayo ikikaa miaka inakuwa ngumu na inajificha kwenye mfereji ukidhani ni sehemu ya chuma, mtu anaweka mpya juu yake, zinakuwa mbili, oili inamwagika. Pikipiki yoyote uliyonunua mkononi mwa mtu mwingine fungua uangalie kama washa ipo, usimwamini mtu.

Sasa twende kwenye jambo ambalo wengi wanalipita. Ile boliti ya kiwandani haikuwa boliti tu. Ndani iko wazi, ina matundu ubavuni, na ndani yake kuna kipande kidogo na springi, hiyo ndiyo vali ya baipasi. Asubuhi injini ikiwa baridi oili ni nzito, au filta ikiwa imejaa uchafu, karatasi inakataa kupitisha, presha inapanda upande mmoja, basi vali inafunguka oili inapita bila kuchujwa. Afadhali oili chafu ifike kuliko isifike kabisa, manake CB750 krenki yake, yaani shafti kuu ya injini, imekaa kwenye metali, zile beringi laini zisizo na gololi, zinaogelea kwenye oili na zikikosa kwa muda mfupi tu zimekwisha. Ukitoa boliti umeitoa na vali. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza adapta, kabla ya rangi na urembo wa kuchonga, ni hili, baipasi iko wapi? Kama iko kwenye adapta sawa. Kama haiko, lazima filta utakayofunga iwe na yake ndani, na si kila kopo linalo, kuna magari ambayo baipasi yake imejengwa kwenye injini kwa hiyo filta zake hazina. Ukiichukua hiyo kwa sababu tu imeingia kwenye uzi, siku ya baridi karatasi inaweza kukunjamana au kupasuka na vipande vikaingia kwenye njia za oili. Muuzaji asiyejua jibu usinunue kwake.

Uzi nao una mtego wake. Filta nyingi za pikipiki za Kijapani ni M20 kwa 1.5, yaani kipenyo milimita 20 na hatua (umbali wa uzi mmoja hadi mwingine) milimita 1.5, lakini kuna adapta zinazochongwa kwa kipimo cha inchi, robo tatu ya inchi kwa nyuzi 16 kila inchi, ambayo ni kama milimita 19.05 na hatua inakaribia ileile. Ukichukua filta ya M20 ukaizungusha kwenye kiungio cha inchi inaingia! Inaingia imelegea kidogo, unahisi inacheza, halafu mpira unapokaza ule mchezo unapotea na wewe unaridhika. Iliyoshika pale ni ncha za uzi tu. Oili yenye presha ikisukuma, mtetemo ukiongezeka, kopo linaweza kung'oka ukiwa barabarani na oili yote inaelekea tairi la nyuma. Pima kwa kalipa kabla hujafunga kitu.

Nafasi pia ipime. Kopo lina unene wake na mabomba ya ekzosi yanapita hapohapo, sasa kama pikipiki imefungwa ekzosi ya nne kwa moja ambayo mabomba yanakusanyika chini ya injini, chukua kopo fupi na jembamba kwanza ulijaribishe kavukavu. Lisiguse bomba, na mkono wako uweze kulizungusha bila kufungua ekzosi, vinginevyo umebadilisha tabu kwa tabu. Kwenye Kawasaki Z1 hali ni tofauti, filta yake iko chini ya tumbo la injini kwa hiyo kopo pale linaning'inia na tuta moja au jiwe linaweza kulitoboa, mimi ningekuwa na Z1 nisingebadilisha. Yamaha XS650 ndiyo haina kabisa filta ya karatasi, ilitoka kiwandani na machujio ya waya tu, huko kuongeza filta ni faida ya kweli wala si suala la urahisi.

Kufunga kwenyewe si kazi ya kutisha. Pasha injini moto kidogo, mwaga oili, na kwa CB750 kumbuka oili iko sehemu mbili, kwenye tangi lake na kwenye injini, fungua zote. Boliti ya zamani itoe kwa soketi ya pembe sita, gonga kichwa chake kidogo kwanza. Toa oringi ya zamani kwa kitu kisicho cha chuma kigumu usikwaruze mfereji, futa uso mpaka ung'ae, oringi mpya ipake oili. Kaza adapta kwa kipimo cha aliyeitengeneza, usikaze kwa hasira, mle ndani ni uzi wa aluminiamu ya miaka mingi. Kopo linalala ubavu kwa hiyo huwezi kulijaza lote, mimina kidogo, zungusha karatasi inywe, mimina tena kidogo. Mpira upake oili, zungusha mpaka uguse, ongeza kwa mkono kama robo tatu ya mzunguko, usitumie spana. Washa injini, iache ingurume taratibu, taa ya oili izime ndani ya muda mfupi, isipozima wewe zima injini hapohapo. Angalia pembeni kwa tochi. Ujazo wa kopo si sawa na wa kikombe, kwa hiyo usifuate lita za kitabuni kama zilivyo, fuata alama za kijiti baada ya injini kufanya kazi. Na oili iwe ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki ambacho hakifanyi klachi iteleze, maana klachi inaogelea humohumo.

Kuna wanaoongeza klipu ya hosi kuzunguka kopo na waya wa kuifunga kwenye injini lisijifungue, wa mbio hawana ujanja, wa barabarani mpira ukikazwa vizuri unatosha.

Kitu kimoja nakikosa. Ile karatasi ya zamani ilikuwa inakutazama ukiitoa, unaikunjua unaona kama kuna chembe za metali au ni vumbi la klachi tu. Kopo lazima ulikate, na ukitumia msumeno wa chuma vumbi la bati linachanganyika na ushahidi, kwa hiyo nimenunua kile kikataji cha gurudumu kinachozunguka ukingoni kama kifungua kopo. Kikombe, boliti, springi na washa vyote viko kwenye mfuko mmoja, vimepakwa oili, vitamfuata atakayeinunua.