Nilivyopata bei ya haki ya mlango na madirisha ya jiko la mama

Mama yangu anakaa Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba miaka ya 1980. Mwaka jana mlango wa jikoni unaotokea uani ulikuwa umechoka kabisa. Mchwa walishakula miguu ya fremu, na kila masika ubao ulivimba mpaka mama anausukuma kwa bega. Dirisha kubwa lilikuwa la luva, chuma chake kimeliwa na kutu, vioo vitatu havipo, mahali pake mama kaziba na kipande cha plaiwudi. Dirisha dogo la juu ya jiko la gesi nalo halifungi.

Mimi naishi Dar es Salaam, nikaanza kutafuta bei kwa simu. Fundi wa kwanza akasema 850,000. Wa pili aliniuliza kwanza, "Dada, bajeti yako ikoje?" Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba nina milioni moja na nusu. Kesho yake akanitumia 1,480,000. Wa tatu akasema 1,120,000. Mama alitaka tumchukue wa kwanza, na kidogo nikubali.

Aliyenizuia ni mjomba, ambaye amekula chumvi nyingi kwenye useremala. Akaniuliza, "Huyo wa laki nane na nusu kakwambia mlango wa mbao gani?" Sikujua. "Kitasa na bawaba ananunua nani?" Sikujua. "Akishang'oa fremu, ukuta utapigwa plasta na nani?" Nikanyamaza. "Sasa mwanangu, unalinganisha nini?"

Wikiendi iliyofuata nikapanda basi la Tanga. Jumamosi asubuhi mimi na mjomba tulipima wenyewe kwa futikamba. Ukuta wa zamani haujanyooka, kwa hiyo kila uwazi tuliupima sehemu tatu, juu, kati na chini, tukachukua kipimo kidogo. Mlango ulikuwa futi 3 kwa 7. Dirisha kubwa futi 5 kwa 4, dogo futi 2 kwa 2.

Kisha nikaandika karatasi moja, nikatoa nakala. Mlango na fremu viwe vya mtiki mkavu, wa moyo, usiwe na weupe. Hilo la weupe ni la mjomba, na ndilo lililotuokoa. Sisi wa Tanga tuna bahati ya mtiki, maana shamba la Longuza liko hapo Muheza, lakini mtu akisikia "mtiki" anadhani ubao wote ni sawa. Sehemu ya kahawia ya katikati ndiyo mchwa hawaiwezi. Ile nyeupe ya pembeni wanaila kama mbao nyingine yoyote. Ukipakwa vanishi nzito, mlango wa weupe na wa moyo huvitofautishi kirahisi.

Dirisha kubwa niliandika aluminiamu ya kusukuma, reli tatu, mbili za vioo na moja ya wavu wa mbu. Dogo nikaomba libaki la luva, ila fremu iwe ya aluminiamu. Fundi mmoja alinishangaa, akasema luva ni mambo ya kizamani. Lakini dirisha la kusukuma la vioo viwili hufunguka nusu tu, nusu nyingine imefunikwa muda wote, na luva hufunguka karibu lote. Kwa joto la Tanga na mvuke wa wali, juu ya jiko nataka upepo. Chini ya karatasi nikaomba kila kitu kiandikwe bei yake peke yake: mbao, kitasa, ufundi, usafiri, grili, kufunga, plasta.

Nikawaita wote watatu waje waone, na bajeti sikuitaja tena. Yule wa 850,000 alisoma, akakuna kichwa, akaandika 1,265,000. Simlaumu sana. Aliniambia wazi kwamba bei ya mwanzo ilikuwa ya mlango wenye weupe, bila fremu mpya, bila wavu wala grili. Yule wa pili alishuka mpaka 1,240,000, lakini nilipouliza mlango anautengenezea wapi, ikajulikana anaununua kwa seremala wa mtaa wa pili na kuweka cha juu. Tena dirisha kubwa alilipima mpaka nje ya plasta, akapata futi 5 na nusu kwa 4 na nusu. Kwa bei yake ya 18,500 kwa futi ya mraba, zile futi za ziada zingenigharimu zaidi ya shilingi 87,000 kwa aluminiamu isiyokuwepo.

Nikaamua kugawa kazi. Mlango nilikwenda mwenyewe kwa yule seremala: 420,000 pamoja na kitasa, vanishi na kuufunga. Fundi wa tatu nikampa madirisha, 370,000 lile kubwa na 95,000 la luva. Grili 130,000 kwa fundi wa kuchomelea, plasta 60,000. Jumla 1,075,000.

Kuhusu malipo, seremala alitaka zote kabla ya kuanza. Tukazungumza kistaarabu. Nikampa 250,000 za mbao, na kabla hajazipiga randa mjomba alikwenda kuziangalia, akarudisha vipande viwili vyenye weupe. Tukaandikiana: 70,000 mlango ukishafungwa, na 100,000 za mwisho baada ya mvua za kwanza za masika. Hakuzipenda hizo za mwisho, mpaka mama alipomwambia, "Baba, mimi sihami. Utanikuta hapahapa."

Mwezi wa nne mvua zilipokolea, mlango ulianza kugusa sakafu upande wa kitasa. Nilimpigia simu seremala, akaja siku ya pili, akautoa kwenye bawaba, akaupiga randa kidogo chini, akapaka vanishi pale alipokwangua. Mama alimkaribisha chai na vitumbua, akamhesabia laki yake mkononi.